Uloto Upi? Nafasi ya uloto wa mifupa katika kuufanya mwili uukubali mkono au uso wa mtu mwingine



Nimeombwa nizungumzie nafasi ya uloto wa mifupa, au uboho kama wengine wetu wanavyouita, katika upandikizaji wa viungo vyenye tishu mchanganyiko. Nitaje msimamo wangu mapema, ili wenzangu wa upasuaji na wale wa maabara ya damu wajue pa kunibana wakati wa maswali. Kwa miaka mingi imerudiwa hoja kwamba mkono unaopandikizwa huja na mifupa, mifupa huja na uloto, na uloto huo huufundisha mwili wa mpokeaji kuuvumilia mkono. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Uloto unaofundisha ni uloto mwekundu, ulio hai, unaoendelea kuzaa seli ndani ya mwili wa mpokeaji. Katika kiganja cha mtu mzima uloto wa namna hiyo haumo, na ukichotwa kwingine ukatiwa kwa njia ya mshipa, mara nyingi haukai.

Tuanze na ugumu wenyewe. Figo ikipandikizwa, kinga ya mpokeaji inakutana na kiungo kimoja kilichofichika tumboni. Mkono ni ngozi, mafuta, misuli, kano, neva, mishipa ya damu, gegedu, mfupa na uloto, vyote vimeingia siku moja, na kila kimoja huichokoza kinga kwa namna yake. Ngozi ndiyo msumbufu mkubwa. Imejaa seli za ulinzi zinazoishi humo humo, iko nje inakopatwa na vijidudu, jua na mikwaruzo, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba ngozi ya mtu mwingine haiwezi kudumu kwa dawa yoyote ile.

Jaribio la kwanza la mkono kwa zama zetu lilifanyika Guayaquil, Ecuador, mwaka 1964, chini ya daktari Roberto Gilbert Elizalde. Dawa za wakati huo zilikuwa chache na dhaifu, na mkono ukakataliwa kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo ukimya ukatanda kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Septemba 1998, pale timu ya Jean-Michel Dubernard ilipompandikizia mkono Clint Hallam mjini Lyon, Ufaransa. Kilichobadilika katikati ni dawa: siklosporini, kisha takrolimusi na mikofenolati. Januari 1999 Louisville, Marekani, wakafuata kwa mkono wa Matthew Scott. Hallam aliacha dawa, kinga ikaugeukia mkono, na mwaka 2001 akakatwa kwa ombi lake mwenyewe. Wengi walimlaumu. Mimi naona kisa chake kilitoa somo ambalo takwimu za kwanza hazikulitoa: mtu mwenye afya, asiye mahututi, ataubeba mzigo wa dawa za kushusha kinga kwa muda gani?

Hilo ndilo linalofanya suala la ustahimilivu wa kinga liwe zito zaidi kwenye mkono kuliko kwenye ini. Mgonjwa wa ini hana njia nyingine, na dawa ni bei anayoilipa apate kuishi. Aliyepoteza mkono anaishi, anakula, wengi wao wanafanya kazi. Takrolimusi itamharibia figo polepole, itaweza kumpandishia sukari, na kinga iliyoshushwa itafungua mlango kwa maambukizi na saratani. Pamoja na gharama hiyo yote, kumbukumbu za kimataifa za upandikizaji wa mikono zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba asilimia 85 ya wapokeaji walipata angalau tukio moja la kukataliwa ndani ya mwaka wa kwanza. Mengi ya matukio hayo yalizimwa kwa steroidi au kwa marhamu ya kupaka, na hapa ngozi inasaidia kidogo, maana upele mwekundu unaonekana kwa macho kabla mambo hayajaharibika. Lakini kuzima moto kila mara si sawa na nyumba isiyoungua.

Ng'ombe pacha

Wazo kwamba damu ya mtoaji inaweza kuituliza kinga lilianzia kwenye zizi. Mwaka 1945 Ray Owen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alionyesha jambo la ajabu kuhusu ng'ombe pacha wasiofanana. Kwa kuwa mishipa ya kondo zao huungana tumboni, kila ndama huzaliwa na chembe za damu za aina mbili: zake na za pacha wake. Ajabu zaidi, hali hiyo iliendelea mpaka ndama walipokuwa ng'ombe wakubwa. Chembe nyekundu haziishi muda mrefu hivyo. Maana yake ni kwamba kilichopita kutoka kwa ndama mmoja kwenda kwa mwingine kilikuwa mbegu ya damu, yaani seli shina, zikatua katika uloto wa mwenziwe na kuendelea kuzaa.

Peter Medawar hakuwa akifikiria ng'ombe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ameshughulika na majeruhi wa moto na kujionea jinsi ngozi ya mtu mwingine inavyokauka na kudondoka. Baada ya vita aliombwa atoe njia ya kutofautisha ndama pacha wanaofanana na wasiofanana, naye akadhani ni kazi rahisi: wabadilishane vipande vya ngozi, wanaofanana watakubaliana, wasiofanana watakataana. Karibu wote wakakubaliana. Jibu lilikuwa tayari katika makala ya Owen. Mwaka 1953 Medawar, pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, walifanya kwa makusudi kile ambacho kondo la ng'ombe hukifanya kwa bahati: waliwadunga panya walio bado tumboni mwa mama seli za panya wa ukoo mwingine, na panya hao walipokua wakaipokea ngozi ya ukoo ule bila kuikataa. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, akigawana na Frank Macfarlane Burnet.

Hata hivyo, panya aliye tumboni si mgonjwa wetu. Hatua iliyowagusa watu wazima ilipigwa mwaka 1955, pale Joan Main na Richmond Prehn walipowachoma panya wakubwa kwa mionzi, wakawapa uloto wa panya wengine, kisha wakawabandika ngozi ya wale waliotoa uloto. Ngozi ikakaa. Nawaomba mzingatie kwamba kipimo kilichotumika tangu mwanzo wa taaluma hii kilikuwa ngozi. Figo na moyo vilikuja baadaye. Hata Joseph Murray, aliyepandikiza figo ya kwanza iliyofanikiwa mjini Boston, Desemba 1954, alikuwa mpasuaji wa kurekebisha maumbile, na kabla ya kuipandikiza alithibitisha kwamba wagonjwa wake ni pacha wa kufanana kwa kuwabadilishia vipande vya ngozi. Mwaka 1990 Murray alitunukiwa Nobel pamoja na E. Donnall Thomas, baba wa upandikizaji wa uloto. Kamati ya Stockholm iliziweka fani hizi mbili meza moja. Sisi katika hospitali zetu bado tunaziweka majengo tofauti.

Uloto unafundishaje?

Wenzangu wa maabara wataniwia radhi kwa kurudia wanayoyajua. Seli T za kinga huzaliwa katika uloto zikiwa mbichi, kisha huenda kukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hiyo ni jando la seli T. Humo zinaonyeshwa sura za wenyeji, na yoyote inayotaka kuwashambulia wenyeji haitoki hai. Wanaozionyesha sura hizo ni pamoja na seli dendriti, ambazo nazo ni uzao wa uloto.

Sasa fikirini mpokeaji ambaye katika uloto wake zimetua seli shina za mtoaji. Uloto huo sasa unazaa seli dendriti za aina mbili, zake na za mtoaji, na zote mbili zinaingia thaimasi. Seli T changa zitaonyeshwa sura mbili, na zile zenye uadui na mtoaji zitaondolewa humo humo kabla hazijatoka. Hali hii ya damu ya watu wawili kuishi mwilini mwa mmoja ndiyo wataalamu wanaiita kaimera. Mimi nitaiita mseto. Mseto ukidumu, mafunzo yanarudiwa kila siku, maana thaimasi inaendelea kupokea wanafunzi wapya. Mseto ukipotea, wanafunzi wa kesho hawataiona sura ya mtoaji.

Kuna njia ya pili, nje ya thaimasi. Seli za mtoaji zikizunguka mwilini kwa wingi, seli T zilizokwisha kukomaa huweza kuchoka, kufa, au kuzuiwa na seli T za kudhibiti. Njia hii huanza haraka, na yaelekea ndiyo inayofanya kazi pale mseto ni wa muda tu. Udhaifu wake ni kwamba inategemea uwiano ambao ambukizo moja zito linaweza kuuvuruga. Tena thaimasi ya mtu mzima imesinyaa, inafanya kazi pole pole, jambo ambalo watafiti wa panya wachanga hawakulazimika kulifikiria.

Mwaka 1984 Suzanne Ildstad na David Sachs walionyesha kwa panya kwamba si lazima uloto wa mtoaji ushike nafasi yote. Walichanganya uloto wa mpokeaji na wa mtoaji, wakaurudisha, na panya wakaishi na mseto wa pande zote mbili, wakiikubali ngozi ya mtoaji huku kinga yao ikiendelea kuikataa ngozi ya mgeni wa tatu. Hii ndiyo tofauti kubwa na dawa: dawa hushusha kinga yote, mseto hunyamazisha uadui mmoja tu.

Mfupa wa panya na mfupa wa mtu

Hapa nafika mahali ambapo naona taaluma yetu ilijidanganya kwa muda. Katika miaka ya 1980 watafiti walipopandikiza miguu mizima ya nyuma ya panya chini ya kivuli cha siklosporini, walikuta seli za mtoaji zikizunguka katika damu ya mpokeaji. Mseto ulijitokeza wenyewe, bila mtu kutia uloto kwa sindano. Mguu ulikuwa umekuja na mfupa wake, mishipa ya damu imeunganishwa, na uloto haukukosa damu hata kwa siku moja. Ni upandikizaji wa uloto ulio kamili, tena ukiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na seli zote za kuulea. Mwaka 1991 W. P. Andrew Lee na wenzake waliongeza jambo: mguu mzima wa panya ulikataliwa polepole kuliko tishu zake zilizopandikizwa moja moja. Haikuwa vigumu kuona kwa nini wapasuaji walifurahi. Kama mguu unajiletea mwalimu wake, basi mkono wa mtu nao utajiletea.

Tatizo ni kwamba mifupa ya panya hubaki na uloto mwekundu maisha yake yote. Binadamu sivyo. Mtoto mchanga huzaliwa na uloto mwekundu katika mifupa yote, mpaka ncha za vidole. Kadiri anavyokua, uloto mwekundu hurudi nyuma, ukianzia vidoleni kuelekea kiwiliwili, na nafasi yake inachukuliwa na uloto wa njano ambao kwa sehemu kubwa ni mafuta. Kufikia umri wa miaka 25 hivi, damu inazalishwa hasa katika pingili za uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kidari, fuvu, na sehemu za juu za mfupa wa paja na wa mkono wa juu. Kiganja, kifundo na sehemu ya chini ya kigasha vina mafuta. Mgonjwa anayepewa mkono kuanzia kifundo amepewa mifupa mingi, na karibu hakuna uloto wa kufundisha. Anayepewa mkono kuanzia juu ya kiwiko amepata afadhali kidogo. Kwa anayepewa uso, taya la mtu mzima nalo si chanzo kikubwa cha damu.

Kwa hiyo, mtu akisimama na kusema kwamba mikono ya binadamu inavumiliwa kwa sababu ya uloto uliomo, swali langu la kwanza litakuwa: mkono ulikatwa wapi, na mtoaji alikuwa na umri gani?

Swali hilo linapatana na yaliyoonekana hospitalini. Katika damu ya wapokeaji wa mikono, mseto umepatikana kwa nadra, kwa viwango vidogo sana, na kwa muda mfupi. Thomas Starzl aliripoti mwaka 1992 kwamba watu walioishi miaka mingi na ini au figo ya mtu mwingine walikuwa na seli chache za mtoaji zilizotawanyika mwilini, akaamini hizo ndizo zilizoleta amani. Mabishano yaliyofuata hayakuisha: je, seli hizo zilileta amani, au zilinusurika kwa sababu amani ilikuwepo tayari? Binafsi naegemea upande wa pili pale seli zinapokuwa chache kiasi cha kutafutwa kwa darubini ya vinasaba.

Nguruwe wa Boston

Kama mfupa wa panya ulitudanganya, nguruwe wametuweka sawa. Kundi la Boston lililofanya kazi na Sachs lilipandikiza viungo vya nguruwe wadogo waliofugwa kwa vinasaba vinavyojulikana, wakatumia siklosporini kwa siku 12 tu kwa wanyama waliolingana katika antijeni kubwa za utambulisho wa tishu. Misuli na mifupa vilikubaliwa kwa muda mrefu bila dawa. Walipoongeza ngozi juu yake, taarifa yao ya mwaka 2003 ilionyesha tukio ambalo kila mpasuaji wa fani hii anapaswa kulijua: ngozi ilikataliwa, ilhali misuli na mfupa uliokuwa chini yake, kutoka kwa mtoaji yule yule, vikabaki salama. Ustahimilivu uligawanyika ndani ya kiungo kimoja.

Sababu kadhaa zimependekezwa: antijeni za ngozi peke yake ambazo seli za damu hazina, wingi wa seli dendriti za ngozi, urahisi wa ngozi kuwaka kwa uvimbe. Jibu lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 2014, pale David Leonard na wenzake, katika maabara hiyo hiyo, walipofaulu kujenga mseto wa kudumu kwa nguruwe waliotofautiana katika antijeni kubwa. Walitumia mionzi ya kiwango cha chini, dawa ya kuziondoa seli T, seli shina za mtoaji, na siklosporini kwa muda mfupi. Nguruwe wenye mseto wa kudumu walilipokea pandikizo pamoja na ngozi yake, dawa zote zikiwa zimeachwa. Hapo ndipo naweka msisitizo wangu. Misuli na mfupa hutosheka na kidogo. Ngozi haitulii mpaka mseto uwe wa kudumu.

Amiens, Pittsburgh, Baltimore

Kwa binadamu, uloto ulijaribiwa mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Novemba 2005 Bernard Devauchelle na Dubernard walipompandikizia Isabelle Dinoire sehemu ya uso huko Amiens, walimtilia pia seli za uloto wa mtoaji mara mbili katika siku za mwanzo. Walimpandikizia vilevile kipande cha ngozi ya mtoaji mahali pengine mwilini, ili daktari aangalie dalili za kukataliwa bila kumkata usoni. Mseto haukudumu. Dinoire alipata matukio ya kukataliwa katika mwaka wa kwanza, akaendelea na dawa za kila siku, na alifariki mwaka 2016 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa mmoja huwezi kusema uloto ulisaidia wala haukusaidia.

Pittsburgh walikwenda kwa mpango zaidi. Kuanzia mwaka 2009, timu ya Lee, pamoja na Stefan Schneeberger na Gerald Brandacher, ilianza kwa alemtuzumabu, kingamwili inayozifuta seli za limfu, ikampa mgonjwa takrolimusi pekee badala ya dawa tatu, na wiki mbili hivi baada ya upasuaji ikamtilia uloto uliochotwa katika pingili za uti wa mgongo wa mtoaji yule yule. Tazameni busara ya hatua hiyo: walijua uloto wa kiganja hautoshi, wakaufuata uloto mwekundu ulipo. Ripoti ya mwaka 2013 ilihusu wagonjwa 5 waliopata mikono 8. Walibaki kwenye dawa moja, na kukataliwa kulikotokea kulizimwa. Mpango huo ulihamia Johns Hopkins, Baltimore, ambako Desemba 2012 Brendan Marrocco, askari aliyepoteza mikono na miguu yote huko Iraki, alipandikiziwa mikono yote miwili na kupewa uloto wa mtoaji.

Dawa moja badala ya tatu si jambo dogo, hasa kwa figo za mgonjwa. Lakini huo si ustahimilivu, na mseto wa kudumu haukuonekana. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha. Alemtuzumabu peke yake, bila tone la uloto, imewahi kuwawezesha wagonjwa wa figo kuishi kwa dawa moja. Sasa sifa tumpe nani, kingamwili au uloto? Nimewasikia wasomi wakizungumza kana kwamba swali hili limekwisha jibiwa. Halijajibiwa, na wagonjwa ni wachache mno kulijibu kwa njia ya kawaida.

Ushahidi unaonivutia zaidi kuhusu uloto unaokuja na nyumba yake ulitoka Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2011. Rolf Barth na wenzake walipandikiza vipande vya uso kwa nyani wa jamii ya makaku, wengine vikiwa na mfupa wenye uloto uliounganishwa mishipa, wengine bila. Wote walipewa takrolimusi na mikofenolati. Waliokosa uloto walikataa mapema na kupoteza pandikizo. Waliokuwa nao waliishi muda mrefu bila kukataa, na kwa baadhi yao mseto ulionekana mara moja moja. Dawa ziliposimamishwa, hata hao wenye uloto walikataa. Kwa hiyo uloto ulio hai hupunguza haja ya dawa, na hilo limeonyeshwa kwa mnyama aliye karibu nasi. Kuiondoa kabisa haja ya dawa ni jambo jingine.

Yanayowezekana kwa figo

Wenzangu wa figo watasema wao wamekwisha kufika. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2008 kundi la Boston liliripoti wagonjwa 5 waliopewa uloto na figo za ndugu wasiolingana kikamilifu. Mmoja alipoteza figo mapema, na 4 wakaacha dawa ingawa mseto wao ulikuwa umetoweka ndani ya wiki chache. Mwaka 2022 Stanford waliripoti watoto 3 wenye ugonjwa wa kurithi wa Schimke waliopewa kwanza seli shina za mzazi, zikiwa zimeondolewa seli T zenye hatari, kisha figo ya mzazi huyo huyo. Waliachishwa dawa, na uloto wao ulikuwa wa mzazi kabisa.

Mambo mawili yanazuia kuihamisha njia hiyo kwenye mkono. La kwanza nimekwisha kulieleza: figo huweza kutulia kwa mseto uliopita, ngozi haitulii. La pili ni mtoaji. Mzazi hutoa uloto leo na figo mwakani. Mkono hutolewa na aliyefariki, simu inaita usiku, na hakuna nafasi ya kumwandaa mpokeaji kwa mionzi au dawa kwa wiki kadhaa. Ukimwandaa baadaye, mwili tayari umemfahamu adui. Ndiyo maana mpango unaonipa matumaini ni ule wa kuchelewesha: pingili za mtoaji zichukuliwe usiku ule ule, uloto wake ugandishwe, mgonjwa aanze na dawa za kawaida mpaka kidonda kipone na neva zianze kukua, kisha miezi baadaye aandaliwe taratibu na kupewa uloto ule. Takrolimusi ya miezi hiyo haipotei bure, maana ina sifa ya kuchochea ukuaji wa neva, na neva inayokua milimita 1 hivi kwa siku inahitaji msaada wote.

Hatari yake ni ile inayowanyima usingizi madaktari wa damu: seli T za mtoaji zilizomo katika uloto zikigeuka na kumshambulia mwenyeji, kwenye ngozi, utumbo na ini. Kwa mwenye saratani ya damu, hatari hiyo hupimwa dhidi ya kifo. Kwa asiye na mkono, hupimwa dhidi ya mkono wa bandia. Mimi sitamshauri mgonjwa wa aina hiyo apokee maandalizi mazito ya mionzi, hata mseto wake ungekuwa wa uhakika.

Kwa upande wetu, Afrika imekwisha kuingia katika upandikizaji wa tishu mchanganyiko: André van der Merwe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walipandikiza uume katika Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, Desemba 2014, na kiungo kikafanya kazi. Kiungo hicho hakina mfupa wala uloto, kwa hiyo kinatukumbusha kwamba dawa peke yake zinaweza kuituliza ngozi ya mtu mwingine, kwa gharama zake. Hapa Tanzania, hospitali za Muhimbili na Benjamin Mkapa zinapandikiza figo, na sasa zinapandikiza uloto. Madaktari wanaomfuatilia mtoto wa selimundu aliyepewa uloto wa ndugu yake hupima mseto kama kazi ya kawaida, na wanajua kwamba asilimia 20 hivi ya seli za mtoaji katika ukoo wa seli za mieloidi hutosha kuuondoa ugonjwa. Ujuzi huo wa kupima ndio unaokosekana katika ripoti nyingi za mikono na nyuso.

Pendekezo langu kwa semina hii ni la kimaabara zaidi kuliko la upasuaji. Kila ripoti ya kiungo kilichopandikizwa na uloto iseme mfupa ulikatwa wapi na mtoaji ana miaka mingapi. Itenganishe mseto wa seli T na ule wa seli nyingine, maana seli T mpya za mtoaji ni dalili kwamba thaimasi imepitiwa. Ipime siku ya 14, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, hata pale kipimo kinaporudi sifuri. Na ionyeshe picha ya ngozi pamoja na kipimo cha tishu siku hizo hizo. Sifuri iliyochapishwa ingetusaidia kuliko mafanikio yasiyopimwa, na katika mjadala ningependa tuanzie hapo: nani kati yetu ana maabara inayoweza kupima mseto kwa kila ukoo wa seli, na kwa gharama gani kwa sampuli moja.